Siku moja katika chumba cha nge, Mombasa

Watu wakisikia kazi ya kutunza nge hudhani ni kazi ya ujasiri. Sehemu kubwa ni kupangusa vifuniko.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla feni hazijawashwa, kazi ya kwanza ni kusoma kipimo cha unyevu. Nge mzima akikosa chakula mwezi mzima hafi. Hapa pwani kinachomwua ni ukungu na utitiri. Kwa hiyo masanduku hayafanani. Parabuthus, nge wa maeneo makame, wamewekewa mchanga mkavu, na matundu yako pande mbili zinazotazamana, yametobolewa kwa msumari wa moto, membamba kiasi cha kutopitisha kitoto. Matundu ya kifuniko peke yake hayatoshi, hewa nzito hubaki chini. Pandinoides cavimanus, yule mkubwa mweusi mwenye magando mekundu, anataka kuchimba, basi ana sentimita 15 za udongo uliochanganywa na usumba. Ukiukamata mchanganyiko huo mkononi, ushikamane bila kutoa tone. Maji humwagwa upande mmoja tu, mwenyewe achague pa kulala, na kifuu cha nazi kinakuwa paa lake. Maji ya kisima hayatumiki: chumvi yake huacha utando mweupe juu ya udongo.

Saa mbili: kutoa mabaki ya nyenje, kubadilisha maji, kufagia.

Saa nne wanaingia wageni, na wote hugonga kioo. Nge ana macho mawili juu ya kichwa na mengine madogo pembeni, lakini kuona kwake ni hafifu. Anachotegemea ni mtetemo. Karibu na ncha za miguu kuna mipasuko midogo inayohisi tikisiko la ardhi. Mwaka 1979 watafiti Brownell na Farley walionyesha kuwa nge wa jangwa la Mojave hulijua windo liko upande gani kwa kulinganisha mguu uliotikiswa kwanza na uliofuata, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa nge kama huyo ukimgongea kioo siku nzima, anajificha na kuacha kula. Ndiyo maana chini ya rafu pamewekwa vipande vya godoro la sponji, maana malori ya kwenda bandarini nayo yanatikisa sakafu. Kwenye magando kuna vinywele vyembamba mno vinavyosikia upepo. Ukiinama juu ya sanduku lililo wazi, pumzi yako inatosha kumfanya ainue mkia. Barakoa basi si ya kujikinga na harufu.

Saa tano kasorobo anaingia mzee na chupa ya jemu yenye nge ndani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Niambie tu, huyu ana sumu au hana?"

Nge wote wana sumu, mzee. Tofauti ni nguvu yake kwa binadamu. Jibu hilo halimwingii. Huyu ni mdogo, anasema, wa manjano-manjano. Yeye anayemwogopa ni yule mweusi mkubwa. Na kila akisema anaitikisa chupa.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mkubwa mwenye magando manene na mkia mwembamba kwa kawaida hutegemea kubana. Wa kutazamwa kwa hofu ni mwenye magando membamba na mkia mnene, kama Parabuthus. Lakini hiyo ni kanuni ya kuanzia tu, na rangi nayo hudanganya: aliyetoka kujibambua huwa amefifia, mtoto hafanani na mama. Kumtambua kunaanzia tumboni.

Chupa inakaa kwenye friji dakika 10 ili nge apoe. (Mzee anauliza kama friji hiyo ndiyo ya chakula. Siyo.) Kisha anahamishwa kwa kibano cha sentimita 30, chenye ncha zilizofungwa sponji, na kubanwa taratibu baina ya sponji na kipande cha plastiki angavu. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Katikati ya miguu kuna kibamba cha kifua: cha huyu ni pembetatu, maana yake jamii ya Buthidae, alimo pia Parabuthus; angekuwa ndugu wa yule mweusi kingekuwa na pembe tano. Nyuma ya kibamba kuna vichana viwili anavyoburuzia chini kunusa njia. Dume huwa na vikubwa kuliko jike. Chini ya mwiba wa mkia kuna kijimwiba cha pili. Magando marefu na membamba, mwili wa manjano wenye madoa meusi. Isometrus maculatus, msafiri wa meli, aliyesambaa kwenye bandari za nchi za joto. Mzee anakubali kwamba alimkuta stoo, nyuma ya magunia.

Anauma, lakini si miongoni mwa wabaya.

"Basi niandikie karatasi kuwa hana sumu, nimwonyeshe mpangaji."

Haiandikwi karatasi ya namna hiyo. Tunazungushana hadi adhana ya adhuhuri. Anaondoka na maagizo: ziba nyufa za ukuta wa mawe, ondoa makuti yaliyooza, kung'uta viatu. Akiuma, osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani. Usichanje, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa. Mtoto akitokwa na mate, macho yakizunguka au pumzi ikibana, ni hospitali papo hapo.

Mchana stima inapotea, feni zinazima, na vifuniko vinapanguswa tena.

Chakula ni usiku, wanapoamka: nyenje mmoja kwa kila mzima, mara moja kwa wiki, asizidi urefu wa mwili wa nge bila mkia. Kisha taa zinazimwa na kuhesabu kunafanywa kwa tochi ya UV, yaani mwanga wa urujuanimno, wa mawimbi ya kati ya nanomita 365 na 395. Ngozi yao hung'aa kijani-buluu. Tochi isizidi dakika chache, mwanga huo unawasumbua. Ngozi tupu iliyovuliwa nayo hung'aa, hivyo ukihesabu haraka unapata nge wawili palipo na mmoja. Aliyejibambua leo ndiye hang'ai, maana ngozi mpya haijakomaa. Yeye hashikwi, na nyenje wake anatolewa usiku huu huu, la sivyo nyenje ndiye atakayemla nge.