Birika

Juzi jioni umeme ulikatika wakati nimeshawaahidi wageni chai. Jagi la umeme likawa pambo. Nikapanda kwenye kigoda, nikalishusha birika la zamani kutoka juu ya kabati, nikalipangusa vumbi na kulibandika kwenye jiko la mkaa. Lilipochemka mfuniko ukaanza kuruka, tak-tak-tak, mvuke unatoka mdomoni kwa hasira. Mwanangu alinikuta nimesimama hapo nacheka peke yangu.

"Mama, nini?"

Nikamwambia hakuna kitu.

Kipo. Mwaka 2003, Njombe. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na baba mnamjua, hakuwa mtu wa kumwona mtoto amekaa bure. Akazungumza na mwinjilisti wa mtaa wetu, wakapatana bila kuniuliza: kila Jumatano saa kumi jioni niende kwenye darasa la Biblia la watu wazima, nikawasaidie wanaokwama kusoma. Nilienda shingo upande, na Biblia yangu mpya ya Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, kwapani, nikijiona nimepelekwa shamba na cheti changu.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, ambacho Jumapili ni cha watoto. Mabenchi yalikuwa mafupi ya watoto, kwa hiyo wazee walikaa magoti yamefika kifuani, wamejikunja ndani ya makoti. Mwezi wa saba ule. Wa Njombe wanajua ukungu wa mwezi wa saba. Tulikuwa kama kumi na wawili, wengi wao kina mama. Miwani ilikuwa moja. Mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, na ilizunguka darasani kama sahani ya sadaka: unasoma mistari yako mitatu, unaivua, unampa wa pembeni, naye anaifuta kwa kanga na kuivaa. Ilikuwa ya marehemu mume wa mmoja wao. Kama inamfaa yeyote, hakuna aliyeuliza.

Katikati, juu ya kimeza, lilikaa birika. Lilikuwa la mama mmoja mfupi ambaye jina lake silitaji, na mtaona kwa nini. Alikuja nalo kila Jumatano, jeusi kwa masizi, amelifunga kitenge lisipoe, na viazi vya kuchemsha kwenye beseni dogo. Kusoma alijifunza ukubwani, humo humo darasani. Alisoma kwa kidole, na kidole chake hakikuwa na haraka.

Siku hiyo tulikuwa Yohana sura ya tano. Wenzangu wote walikuwa na Biblia ile nyeusi ya Union, tafsiri ya 1952. Zamu yake ikaangukia mstari wa pili. Akavaa miwani, akaweka kidole.

"Na huko... Ye-ru-sa-le-mu... penye mlango wa kondoo... pana birika."

Akainua kichwa. Akalitazama birika lake. Akarudi kwenye mstari. Akapita matao matano, akapita vipofu, viwete na waliopooza, neno kwa neno, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Wakingoja maji... ya... ya-chem-ke."

Kidole kikasimama.

"Mwinjilisti," akasema, uso hauna hata tone la mzaha, "wagonjwa wote hawa, birika moja? Na maji ya moto?"

Nilicheka. Natamani ningeweza kusema nilitabasamu. Nilicheka kile kicheko cha bwenini, cha kujipiga paja, kikajaa chumba kizima, na kilipoisha nikagundua kilikuwa changu peke yangu. Mzee mmoja alikohoa. Mwinjilisti alikuwa anapekua kurasa kama mtu aliyepoteza risiti.

Nikaona nimsaidie. Nikafungua Habari Njema yangu, nikasoma kwa sauti ya mwanafunzi aliyezoea kunyoosha mkono: "Hapa wameandika bwawa. Ni bwawa la maji."

Akaivua miwani taratibu. Akaukunja ule mkono wenye uzi, kwa uangalifu, usikatike.

"Kumbe bwawa ulikuwa nalo, mwanangu," akasema. "Umelikalia."

Hakuongeza neno. Miwani ikasogea kwa mwingine. Tukamfikia yule mgonjwa wa miaka thelathini na minane, na Yesu anamwuliza, Wataka kuwa mzima? Hapo darasa likachangamka. Mzee wa ng'ombe akasema hilo si swali la kumwuliza mgonjwa, kwani amelala pale kwa starehe? Mwingine akasema wapo wanaozoea, ukiwaponya watakula nini. Mwinjilisti akaleta habari za imani, akazungumza vizuri tu, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza, kwa sababu mama wa birika alikuwa amesema kitu kwa sauti ya chini na wa karibu walikuwa wamegeuka.

"Mimi wangu sijamuuliza," alisema. "Namgeuza tu."

Wote walijua isipokuwa mimi. Mume wake alianguka kutoka kwenye lori la mbao, na tangu hapo alikuwa wa kitandani. Asubuhi anamgeuza, mchana anamgeuza, Jumatano anamgeuza kwanza ndipo anabeba birika kuja darasani. Mstari wa saba, ule wa "Bwana, mimi sina mtu," ulisomwa na mzee wa ng'ombe, haraka haraka, kama anayevuka barabara.

Tulipomaliza akamimina chai. Kikombe cha kwanza akanipa mimi, mikono miwili, kama kila wiki. Nilikipokea. Sikusema pole, wala samahani, wala asante.

Sasa hapa ndipo ninapokwepa kila ninapoisimulia hadithi hii. Ijumaa yake, mazoezi ya kwaya ya vijana, niliiigiza. Miwani nilitengeneza kwa vidole. Kidole nikakipitisha hewani. Ya-chem-ke. Watu walilala chini kwa kucheka, bezi mmoja akaomba nirudie. Ile sehemu ya "namgeuza tu" sikuigusa. Ingeharibu. Kabla sijaondoka kwenda chuo, nilimsikia mtoto wa shule ya Jumapili akimwamkia njiani, "Shikamoo Mama Birika," naye akaitikia marahaba bila kusimama.

Miaka ikaenda kama mnavyojua. Mwaka 2011 nikiwa Unguja kikazi, mwenyeji wangu alinipitisha karibu na msikiti mmoja wa zamani, akaninyooshea kidole pale watu wanapotawadha, akaniambia, "Birika lenyewe lile." Maji yametulia ndani ya kuta za mawe, mtu anaweza kuogelea. Nikasimama pale kama nimepigwa kofi. Kumbe neno halikuwa na kosa. Ni Kiswahili cha pwani, kilichopanda milima ndani ya Biblia, kikafika Njombe kikakuta birika limeshakuwa la chai. Na sisi tuliomcheka tulikuwa hatujui birika ni nini. Yeye angalau aliuliza.

Kuna siku nyingine nadhani alikuwa anatania. Mwanamke anayechemsha maji kila siku ya maisha yake, hakuona kwamba mtu haenei mle? Labda alitaka kuwachekesha wenzake walio na magoti kifuani kwenye baridi ile, na mimi nikamwahi kwa kicheko kisicho chake. Sijui. Namkumbuka kidole tu, na uso usio na mzaha.

Basi juzi, wageni walipoondoka na umeme umerudi, nilimpigia dada aliyebaki nyumbani. Nikamuuliza kama yule mama bado yupo.

"Mama yupi?"

Nikamtajia jina lake. Hakumjua. Nikasema mfupi, mume wake alikuwa wa kitandani, walikaa chini ya kanisa. Kimya. Nikajaribu kila njia isipokuwa moja.

"Aaa!" dada akasema. "Mama Birika! Si ungesema hivyo tangu mwanzo. Yupo, ila macho ndiyo yamemwisha. Si ndiye alikuwa anachemsha chai ya kanisani? Ndiyo maana wakamwita hivyo."

"Ndiyo," nikasema, nikamuuliza viazi sasa hivi debe ni shilingi ngapi.