Feni Iliyokuwa Mfanyakazi Bora wa Mwezi

Tuko tisa. Ofisi yetu iko Kijitonyama, Dar es Salaam, juu ya duka la vipuri vya magari, na tunatengeneza programu za hesabu za saccos na maduka ya jumla. Nataja idadi mapema ili mtu asije akadhani naongoza kampuni ya watu elfu tano. Ila kwa karibu mwaka mzima niliiongoza kana kwamba ni ya watu elfu tano, na ndiyo maana naandika haya.

Chanzo ni rafiki yangu mmoja aliyetoka semina. "Kaka, vijana unawabana mno. Google wanampa mtu asilimia 20 ya muda wake afanye anachotaka. Gmail ilizaliwa hivyo." Nikajiona mshamba. Jumatatu nikatangaza kwamba kuanzia sasa Ijumaa ni siku huru. Wakapiga makofi, nami nikaagiza soda.

Ijumaa ya kwanza walikuja wengi. Ya tatu nilikuwa mimi na mlinzi. Mmoja anamtengenezea shemeji yake mfumo wa oda za keki, mwingine yuko Kariakoo anapokea mzigo wake wa simu. Sikuwa na la kusema, maana nilitamka mwenyewe "mnachotaka". Kilichonimaliza ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Saccos moja ya walimu, watu wamejaa wanasubiri mikopo, mfumo umegoma kuonyesha salio. Nikapiga simu saba. Aliyepokea alikuwa harusini Bagamoyo, na vigelegele nilivisikia vizuri kuliko sauti yake. Nikakaa kurekebisha mwenyewe mpaka saa tatu usiku, mimi ambaye nilikuwa sijaandika programu mwaka mzima. Mteja alibaki, kwa punguzo ambalo sipendi kulitaja.

Hapo ndipo nikaanza kusoma, kazi ambayo ningeifanya kabla ya soda. Barua ya waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, ya 2004, kampuni ilipokuwa inaingia soko la hisa, haisemi "anachotaka" popote. Inasema wafanyakazi wanahimizwa kutumia asilimia 20 ya muda wao, juu ya miradi yao ya kawaida, kwa kile wanachoona kitaifaa zaidi Google. Kipande hicho cha mwisho rafiki yangu alikiacha semina. Paul Buchheit, aliyeianza Gmail, naye amewahi kueleza kwamba kuitengeneza ilikuwa kazi aliyopewa rasmi. Marissa Mayer, aliyekaa huko miaka mingi, aliwahi kusema kwamba ile asilimia 20 kwa kweli ilikuwa 120, yaani kazi yako iko palepale na hii unaiongeza juu. Google waliwahi hata kuwafuta mameneja wa wahandisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini baada ya muda mfupi wakawarudisha, kwa sababu watu walikuwa wanampelekea Page mwenyewe fomu za matumizi na ugomvi wao.

Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nilikasirika nikaenda upande wa pili. Nikalipia programu ya kuchungulia laptopu za wafanyakazi, dola kadhaa kwa kichwa kila mwezi, inayohesabu kipanya kinavyosogea na kumpa kila mtu alama. Mwezi wa kwanza kijana wetu mmoja wa Mbagala, anayefanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, akapata 98. Nikamsifu kikaoni mbele ya wote. Nikamtumia elfu hamsini kwenye simu, na ya kutolea.

Mwezi wa pili, Jumanne moja, Mbagala umeme ukakatika. Alama zake zikashuka kutoka juu kabisa hadi sifuri, dakika ileile. Nikajiuliza, laptopu si ina chaji? Na intaneti anatumia bando la simu. Mbona yeye ndiye aliyezimika? Nikampigia. "Bosi, nikwambie ukweli?" Alikuwa amekifunga kipanya kwa uzi kwenye kichwa cha feni ya mezani, ile inayogeuka huku na huku. Feni ikigeuka, kipanya kinatembea juu ya mkeka. Mfanyakazi wangu bora wa mwezi alikuwa feni!

Nilitaka kumfukuza. Nikafungua kazi zake nimtafutie kosa, nikakuta zote zimekamilika, tena safi kuliko za wenzake. Mchana alikuwa analala kwa sababu nyumbani kuna watoto wanne na redio ya jirani. Alikuwa anafanya kazi usiku. Ile programu niliifuta siku hiyohiyo.

Sasa hivi saa nne hadi saa saba kila mtu apatikane, awe ofisini au kwake. Muda uliobaki apange mwenyewe, mradi kilichoahidiwa Jumatatu kiwepo Ijumaa. Simu ya wateja ni ya zamu, wiki moja moja, na mwenye zamu hana uhuru wowote, hata harusi ya dada yake abadilishane na mwenzake kwanza. Ukiiga kitu kimoja kwangu, iga zamu. Siku huru ipo bado, mchana wa Ijumaa mara mbili kwa mwezi, ila Jumatatu unasimama dakika kumi kutuonyesha ulichofanya na kinamsaidia mteja gani. Wa keki alisimama na mfumo wake wa oda. Tumeukarabati, tunauuza kwa maduka mawili ya jumla. Shemeji anadai gawio.

Elfu hamsini sikuidai. Kijana aliileta feni ofisini mwenyewe, iko juu ya kabati, na umeme ukikatika wote tunamgeukia yeye.