Adenovirusi ilikuwa inagoma kuonesha jeni, hivi ndo nilivyotatua

Wadau wa maabara, hii kitu imenisumbua wiki 3 hapa Dodoma. Naingiza jeni ya binadamu kwenye seli kwa vekta (kibebea jeni) ya adenovirusi aina ya 5, ile iliyotolewa kipande cha E1 (jeni zake za kuanzisha kuzaliana) ili isizaliane nje ya seli kama HEK 293 (seli za maabara zenye E1 ndani yake), nikaweka na GFP (protini inayong'aa kijani) ili nione kijani jeni ikifanya kazi. Siku ya pili nacheki maikroskopu, vidoa viwili vitatu tu. Nikafungua kichupa kingine cha virusi, bado. Nikaongeza virusi, seli zikafa.

Kumbe shida midia (maji ya lishe ya seli)! Sahani ya visima 6, kila kisima nilikuwa naacha mililita 2, na virusi havina miguu jamani, vinaelea tu huko juu, vingi havizifikii seli zilizolala chini. Sasa nikanyonya midia yote, nikaweka mililita 0.5 yenye virusi kiasi kilekile, nikawa naitikisa taratibu kila dakika 15 (usipotikisa katikati panakauka) kwa saa 2 hivi, ndo nikajazia midia mpya. Baada ya saa 48 kisima kizima kijani kama shamba la zabibu Hombolo!