Tende mkononi mwa mama

Ramadhani ya 2019 ilitukuta Mei, mvua za masika hazijakatika, na mimi nilikuwa napanda mizani mara sita kwa siku. Baada ya daku, baada ya sala ya alfajiri, nikirudi skuli, kabla ya futari, baada ya futari, kabla ya kulala.

Ilikuwa mizani ya kioo niliyoinunua Darajani, nyembamba, ya kutia betri. Juu ya zulia inadanganya, kwa hiyo niliitafutia kigae kimoja chumbani kilicholala sawasawa, nikatia alama za kalamu kwenye pembe zake nne ili isisogee. Navua hereni, navua saa, nashusha pumzi yote, ndipo napanda. Kila namba niliiandika kwenye daftari. Sitazitaja hapa, maana najua mwenye maradhi yale ya kuhangaikia uzito akiziona tu ataanza kujilinganisha.

Yalianza harusini, kwa neno moja: "Mashaallah, umejaa!" Na aliyelisema alikuwa ananisifu.

Nafundisha hesabu darasa la sita. Kila mwaka nawaambia watoto kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lakini mwenyewe nikishanywa uji wa pilipili manga vikombe viwili na maji juu yake, namba ikapanda kilo moja na nusu, nilikuwa nakaa kitandani nalia kama niliyeletewa habari ya msiba. Kujua hakukunisaidia kitu. Ile namba ndiyo iliyoniamulia kama siku hiyo nina haki ya kucheka na watu.

Basi ilikuwa Ramadhani 17. Jamvi limetandikwa, muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, tambi, mkate wa kumimina. Tangu baba afariki, mama alichukua ada yake: tende ya kwanza kila mtu anapewa kutoka mkononi mwake, watoto kwanza, kisha mimi, yeye mwisho.

Adhana ikalia. Nikasema "Nakuja," nikaingia chumbani. Kila siku ilikuwa hivyo, nusu dakika tu, nasingizia udhu. Siku ile mizani haikuwaka. Nikaigonga. Nikatoa betri, nikazisugua kwa kanga, nikazirudisha. Kimya. Nikatoka mbio mpaka sebuleni, nikachukua rimoti ya TV na kuchomoa betri zake, watoto wananitazama vinywa vimejaa. Muadhini akamaliza. Nikavua hereni, nikavua saa, nikapanda.

Ilikuwa imeshuka. Nikatoka natabasamu.

Mama alikuwa amekaa palepale, mkono ameunyoosha nusu, tende iko kwenye ncha za vidole. Ilikuwa imelainika kwa joto la mkono, ganda limebanduka upande mmoja, utomvu wake umemshika kidoleni. Gilasi yake ya maji haijaguswa. Ana miaka 71, na hajatia kitu kinywani tangu alfajiri.

"Mama, mbona hujafuturu?"

"Nakusubiri wewe, mwanangu."

Akaniangalia miguu yangu mitupu, akaiangalia rimoti niliyoisahau mkononi, haina betri wala mfuniko. Akafahamu.

"Mwanangu, saumu hii unamfungia nani?"

Hakunikaripia. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Kila usiku baada ya tarawehe tulikuwa tukitia nia pamoja kwa sauti, yeye, mimi na watoto, kwamba kesho tunafunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Halafu mchana kutwa mimi nahesabu gramu. Sikuwa na jibu la kumpa mama yangu. Nikaipokea ile tende, nikala, ndipo naye akachukua ya kwake.

Usiku ule nilimpelekea mizani. Akaifunika kwa kanga na kuisukuma chini ya kabati lake.

Sikupona siku ile. Siku ya tatu nilikwenda kuiomba, mikono inanitetemeka. Hakuninyima. "Kula kwanza, kisha nikupe." Nikala muhogo, nikala samaki, naye amekaa ubavuni pangu hadi nikamaliza. Nilipomaliza, ile hamu ilikuwa imepungua, nikaenda kulala. Wiki iliyofuata nikaiomba tena. Jibu likawa lilelile.

Baada ya Idi nilikwenda kwa daktari, na wenye hali kama yangu nawasihi nao waende, haya ni maradhi kama maradhi mengine. Alinieleza kuwa uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja, hata mbili, ndani ya siku moja tu: maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni, na kwa sisi wanawake zile siku za kukaribia hedhi. Miezi yote ile nililia kwa sababu ya maji! Tukakubaliana nipimwe kwake pekee, mara moja kwa mwezi, nikiwa nimeipa namba mgongo.

Betri nilizirudisha kwenye rimoti. Mfuniko wake haukuonekana mpaka leo, tumeufunga mgongo wake kwa selotepu. Mama akiishika hupapasa pale penye selotepu kwa kidole gumba, halafu huniuliza kama nimekula.