Kumbukumbu ya mradi wangu wa bastola: mfululizo wa sekunde 10 umeanza kutii

Hatimaye risasi zote tano za sekunde 10 zimekaa ndani ya duara jeusi la shabaha, na si katika mfululizo mmoja wa bahati. Wanaoshindana kwa bastola sanifu ya milimita 5.6, umbali wa mita 25, wanajua kwamba risasi 60 hugawanywa katika hatua tatu: 20 kwa mifululizo ya risasi tano tano ndani ya sekunde 150, 20 kwa sekunde 20, na 20 kwa sekunde 10. Hatua mbili za kwanza zilikwisha kutulia tangu mvua za masika. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiibomoa jumla yangu, tena kwa namna ile ile: risasi ya kwanza inatua chini kushoto, kwenye pete ya 7 au ya 6 (ya katikati ni ya 10), na nne zinazofuata zinatawanyika kwa haraka ya kufidia.

Hesabu ilinisaidia kujua pa kutafuta. Kutoka mkato wa nyuma hadi nundu ya mbele ya kulengea, bastola yangu ina milimita 220. Nundu ikishuka nusu milimita ndani ya mkato, risasi huteremka takriban milimita 57 kwenye karatasi, na kwa kuwa pete ya 10 ina kipenyo cha milimita 50, upungufu huo peke yake unaipeleka risasi pete ya 8. Ikishuka milimita nzima, tunazungumzia pete ya 6. Mkono ukiyumba pamoja na bastola nzima bila nundu kuhama ndani ya mkato, hasara ni ndogo kwa mbali. Kwa hiyo sikujishughulisha tena na mtetemo wa mkono, ambao kila mgeni uwanjani huusikitikia, bali nilikichunguza kifundo cha mkono wakati kidole kinavuta triga.

Mwalimu wangu alijaza magazini bila mimi kuona, akichanganya risasi halisi na bandia. Kila nilipoangukia risasi bandia ya kwanza, ncha ya mtutu ilizama waziwazi, ilhali katika hatua ya sekunde 150 haikusogea hata kidogo. “Mwanangu, kidole chako kinangoja jicho limalize, halafu kinafanya kazi yote kwa mkupuo,” aliniambia, na maneno hayo yakafungua fundo. Kanuni za mashindano zinadai triga isivutike kwa uzito ulio chini ya gramu 1,000. Yangu nimeigawa katika hatua mbili, gramu 750 za mwanzo na 300 za mwisho. Katika ufyatuaji wa polepole, zile 750 huwa zimekwisha kuvutwa muda mrefu kabla ya risasi kutoka. Katika sekunde 10, nilikuwa nikizibeba zote nundu ikishafika mahali pake, na kifundo kikalipa gharama.

Sasa uvutaji wa zile gramu 750 unaanza mkono unapoinuka kutoka chini, na unakamilika nundu inapoingia kwenye ukanda mweupe ulio chini ya duara jeusi. Zinabaki gramu 300, ambazo kidole kinaweza kuzimaliza bila kuuarifu mkono mzima. Niliurudia mwendo huo nyumbani jioni baada ya jioni, kwa risasi bandia tu, kwa sababu pini ikigonga ukingo wa chemba tupu katika silaha ya aina hii huweza kuuharibu, na ukarabati wake ni ghali.

Neno moja kuhusu vifaa. Jua la Nairobi la saa sita huifanya nundu ing’ae upande mmoja, na jicho hufuata mng’ao badala ya ukingo. Nimejaribu rangi na kalamu nyeusi, lakini hakuna kinachoushinda moshi wa koroboi: masizi yake ni meusi bila mng’ao wowote na hufutika kwa kitambaa.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa kulinganisha aina za risasi zinazosafiri chini ya kasi ya sauti. Nimeiahirisha, kwa sababu nilipojaribu kuinua mkono nikiwa nimefumba macho na kuyafumbua mwishoni, niliikuta nundu imeegemea kushoto mwa mkato karibu kila mara. Hilo ni suala la mpini. Niliufungua, nikaiacha bastola kwenye sanduku lake la chuma nyumbani, nikaupeleka mpini mtupu wa mbao kwa fundi wa Barabara ya Ngong, ambaye alinikatia nakala ya mvule kwa ustadi unaostahili heshima. Tangu hapo nimekuwa nikiuchonga kwa tupa na msasa, nikijaza puti pale kiganja kinapoacha uwazi, kisha nikiujaribu tena kwa macho yaliyofumbwa.

Upande wa kiganja umekamilika, na nundu sasa inafika katikati. Kilichosalia ni egemeo la kidole gumba, nalo lina mpaka wake, kwani bastola nzima lazima iingie kwenye kisanduku cha kupimia cha milimita 300 kwa 150 kwa 50. Mpini umefikia unene wa milimita 47, hivyo puti yote iliyobaki haina budi kutosha katika milimita 3.