Mazoezi ya Kulipia

Mama alikuja kututembelea Phoenix mwaka 2023, na masanduku mawili. Moja la nguo, jingine la vitu ambavyo kwa maoni yake Marekani havipatikani: ubuyu, bizari, achari ya maembe, na mkeka wa ukindu uliokunjwa ukabanwa kwa leso. Mkobani alikuwa na bweta la sindano na kofia ambayo hakuwa ameimaliza. Tangu utoto wangu pale Mji wa Kale, Mombasa, sijawahi kumwona amekaa bila kofia mkononi. Anashona zile za viua, za bafta nyeupe, zenye vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Moja humchukua miezi mitatu, na ndizo zilizonilipia karo.

Wiki ya tatu nikaona ameanza kuchoshwa na kuta za nyumba. Ilikuwa Machi, Ramadhani ilikuwa karibu kuingia, na kijana wetu wa miaka tisa alikuwa akinisumbua tangu Januari nimpeleke uwanja wa Salt River Fields akawaone Diamondbacks, timu ya besiboli ya mji wetu. Nikasema basi, twende sote.

Niliposema ni mechi za kujiandaa, kwamba msimu wenyewe haujaanza na matokeo hayahesabiwi, Mama aliacha kushona.

"Yaani mazoezi?"

"Ni mechi, Mama, ila ndiyo, kama mazoezi."

"Na mwalipa?" Akamgeukia mke wangu. "Bandari wakifanya mazoezi pale Mbaraki, kuna mtu alipaye?"

Nikamweleza kwamba timu za ligi kuu ni 30, na kila mwaka mwezi wa Februari nusu yake huja kwetu Arizona na nusu huenda Florida, kwa sababu kwa wengi wao, huko kaskazini, bado kuna theluji. Akasema hao wana akili, wamekimbia baridi. Lakini suala la kulipa hakulisamehe.

Uwanja ule ulifunguliwa 2011 kwenye ardhi ya wenyeji wa asili wa Salt River, makabila ya Wapima na Wamaricopa, na Diamondbacks wanautumia pamoja na timu nyingine, Rockies. Ng'ambo ya ukuta wa nyuma kuna mteremko wa majani, na tiketi za huko ndizo rahisi. Watu walitandika mablanketi, sisi tukatandika mkeka. Mama akakaa juu yake kama yuko barazani, miguu ameinyoosha, buibui amelipanga vizuri. Bwana mmoja mzee wa kizungu alipita na bia yake, akasimama kuutazama mkeka, akauliza ulinunuliwa wapi. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kirefu tu, mpaka na jina la mtaa, na yule bwana akashukuru akaenda zake.

Soseji sikuthubutu kuzinunua. Nilinunua njugu, zile za maganda ambazo huko huuzwa kwa mfuko, na Mama akafurahi kuona wazungu nao wanatupa maganda chini.

Nilijaribu kumfundisha mchezo: huyu anarusha, yule ana rungu, akikosa mara tatu anatoka. Mke wangu, aliyecheza raunda shule ya msingi, alinisahihisha mara mbili, kisha akanyamaza kwa huruma. Mwaka huo ndio walioleta saa ya kumharakisha mrushaji, sekunde 15, au 20 kukiwa na mtu kwenye besi, yaani kituo cha wakimbiaji. Mama aliitazama ile saa ikihesabu, akapiga mwayo.

Kwenye awamu ya tano kati ya tisa, nyota wote walikuwa wamekwisha kutolewa. Ndivyo zilivyo mechi hizi. Wakubwa hucheza kidogo wakaenda kuoga, wakaingizwa vijana wanaotafuta nafasi, jezi zina namba za themanini na tisini, migongoni hamna jina. Kijana wangu alikuwa amekariri majina ya kikosi kizima, sasa hana wa kumwita. Akanuna. Binti yetu mdogo alikuwa amelala. Nikaanza kupiga hesabu ya tiketi tano na maegesho ya gari.

Basi mmoja wa hao wasio na jina, anayelinda upande wetu, alipomaliza kupasha mkono kabla ya awamu mpya alitugeukia akarusha mpira kwa watoto. Wakaukimbilia kumi. Uligonga ukingo wa mkeka, ukaruka, ukatua kwenye mapaja ya Mama katikati ya maganda ya njugu.

Kijana wangu alifika anahema. "Bibi, nipe!"

"Ngoja."

Akavaa miwani. Akaugeuza mara moja, mara ya pili, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya uzi mwekundu, taratibu, akiufuata kona hadi kona.

"Hii haikupita kwenye cherehani," akasema. "Mkono huu. Na sindano mbili, moja inatoka huku, nyingine huku. Nani ameshona?"

Sikujua. Miaka kumi na miwili naishi katika nchi ya mchezo huu, na sikuwahi kujiuliza. Nikatafuta kwenye simu: hushonwa kwa mkono katika mji wa Turrialba, Costa Rica, ngozi ya ng'ombe, mishono 108 ya jozi. Wamejaribu mashine, zimeshindwa.

"Zitashindwa tu," akasema Mama. "Wanalipwa vizuri?"

Nikarudisha simu mfukoni.

Akahesabu mishono mwenyewe, midomo ikicheza, kwa sababu simu yangu haiamini. Kelele zikapanda, mtu akaupiga mpira ukavuka ukuta, watu wakasimama. Hakuinua kichwa. Awamu ya saba uwanja mzima uliponyanyuka kuimba, kama ilivyo desturi yao, alidhani mchezo umekwisha, akaanza kukunja mkeka. Tulimzuia. Nani alishinda sikumbuki.

Kwenye gari tulikwama msururuni tukitoka maegeshoni. Kijana aliuomba mpira wake tena, safari hii kwa adabu. Mama alikuwa ameuinua dirishani, jua la alasiri likiupiga.

"Fundo silioni," akasema. "Mshoni mzuri hulificha fundo, lakini lazima lipo."

"Bibi, ni wangu."

"Ni wako, mjukuu wangu. Siukatai. Nataka kuona alipoanzia tu."

Taa zikabadilika, tukaingia barabara ya 101. Tulikuwa tumekaribia nyumbani aliponigusa bega kutoka nyuma, ukucha ameukita mahali fulani kwenye ngozi.

"Hapa," akasema. "Punguza mwendo, uone."