Simu ya marehemu: miaka yangu kwenye kesi za vifo vya kazini

Kesi hizi niliziingia kwa mlango wa upande wa pili. Nilipoapishwa kuwa wakili, kazi niliyoipata Mombasa ilikuwa katika ofisi iliyotetea waajiri na kampuni za bima. Mtu akianguka kutoka ghorofani, akifukiwa mtaroni au akiangukiwa na magunia ghalani, utetezi niliuandika mimi, na maneno yake niliyajua kwa moyo: marehemu hakuwa mfanyakazi wetu, na hata kama alikuwa wetu, alizembea mwenyewe.

Sioni aibu kwa miaka ile minne, kwani kila mtu ana haki ya kutetewa. Lakini kuna siku sijaisahau. Mjane alikuwa kizimbani, nikamuuliza mumewe alikuwa akilipwa shilingi ngapi. Akafikiri, akajibu, "Alikuwa akileta za kutosha." Nikamwambia hakimu sina swali jingine, nikakaa. Nilijua nimeshinda, na nilijua nimeshindia nini: hapakuwa na karatasi hata moja inayosema yule mtu alilipwa.

Mwaka 2016 nilihama ofisi nikaanza kuwawakilisha wafiwa. Wakati huo njia ilikuwa moja na nilikuwa nimeizoea. Unafungua kesi mahakama ya hakimu, unathibitisha uzembe wa mwajiri, kisha inapigwa hesabu ya Sheria ya Ajali za Vifo: mapato ya mwezi mara 12, mara miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, na kwa kawaida theluthi mbili za jumla hiyo ndizo zinazohesabiwa kuwa za familia yake.

Tarehe 3 Disemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaifunga njia hiyo. Tangu 2007 tulikuwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ambayo sote tunaiita WIBA, na kifungu chake cha 16 kinasema mfanyakazi au wanaomtegemea hawawezi kumshtaki mwajiri kwa ajali ya kazini. Madai yapelekwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama Kuu ilikuwa imekitupilia mbali kifungu hicho pamoja na vingine mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikakirudisha Novemba 2017, na sasa Mahakama ya Juu imekubaliana na Mahakama ya Rufaa. Mimi nilikuwa na mafaili ya vifo kabatini yaliyofunguliwa katikati ya miaka hiyo yote. Mahakimu wengi wakasita kuyagusa. Nilipigiwa simu na akina mama walioniuliza, "Wakili, kwa hiyo kesi yetu imetupwa?" nami sikuwa na jibu la kuwapa.

Wenzangu kadhaa waliacha kabisa aina hii ya kazi wakageukia mashamba na mirathi. Siwalaumu. Mimi nilichukua ile sheria nikaanza kuisoma upya kama mwanafunzi. Familia ya aliyekufa inalipwa mapato ya miezi 96, yaani miaka minane ya mshahara, bila kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Madai yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu kifo. Ukisoma hivyo unaweza kudhani wakili hahitajiki tena. Nilidhani hivyo pia, mpaka faili la 2021.

Mama huyo alikuja wiki ya pili baada ya mazishi, akiandamana na shemeji yake, kaka wa marehemu. Mumewe alikuwa mtu wa mkono kwenye mjengo wa ghorofa, wale wanaobeba zege kwa karai kutoka chini hadi kwa fundi juu. Ubao wa jukwaa ulivunjika. Shemeji ndiye aliyezungumza muda wote, na alizungumza kwa heshima, lakini kila nilipouliza habari za nyumbani mama aliangalia chini. Nikamwambia, "Shemeji, niwie radhi, naomba nibaki na mama kidogo." Akatoka bila kinyongo.

Tulipobaki wawili, mama alifungua kanga iliyofungwa fundo akatoa simu ndogo iliyopasuka kioo. Aliirudishiwa hospitalini pamoja na nguo. Namba ya siri aliijua, kwa sababu mumewe alikuwa akimtuma kutoa pesa dukani. Tukaichaji pale ofisini. Ndani yake, kila Jumamosi jioni, kulikuwa na ujumbe wa M-Pesa kutoka namba moja, ya msimamizi wa mjengo: 4,200. 4,200. 2,800. 4,200. Zile 2,800 zilikuwa wiki za mvua, alizofanya kazi siku nne tu kwa shilingi 700.

Jukwaa nililikosa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inakataza kugusa chochote kilichohusika na ajali iliyoua mtu mpaka afisa wa usalama aruhusu, isipokuwa kwa mambo machache kama kuokoa maisha. Nilipofika pale mbao zilishafunguliwa na kupangwa pembeni vizuri. Kilichotuokoa ni kijana mmoja wa kuchanganya zege aliyekuwa amepiga picha siku ile ile. Nilimwandikia taarifa yake akaitia sahihi palepale, juu ya mfuko wa saruji. Nikapata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kutoka kituo cha polisi, cheti cha kifo, na barua ya chifu yenye majina ya mama na watoto wote watatu.

Mwajiri naye alijaza fomu yake. Kwenye nafasi ya mapato ya mwezi aliandika 9,000. Ni namba moja tu, na afisa anayetathmini hana sababu ya kuitilia shaka kama hakuna mtu wa kumwonyesha nyingine. Tathmini ikatoka kwa hesabu hiyo: 9,000 mara 96, shilingi 864,000. Shemeji alifurahi, akataka tuchukue. Hajawahi kuziona pesa kama hizo, na nilimwelewa.

Niliwaeleza kwamba kifungu cha 51 kinampa asiyeridhika siku 60 kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo, na akikataa tuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usiku mbili nzima nilikaa na ile simu nikinakili jumbe za mwaka mzima kwenye jedwali, moja baada ya nyingine. Wiki 40 za 4,200 na wiki 12 za 2,800. Jumla 201,600 kwa mwaka, ambayo ni 16,800 kwa mwezi. Nikaambatanisha picha za kila ujumbe, na kiapo cha mama cha jinsi simu ilivyomfikia. Pingamizi lilikubaliwa. Tathmini mpya ilikuwa shilingi 1,612,800, na bima ililipa.

Tangu hapo mfiwa akiingia ofisini, swali langu la kwanza ni jinsi marehemu alivyokuwa akilipwa, na nani aliyemlipa. Jinsi alivyokufa nitalijua tu; lipo kwenye ripoti ya daktari. Familia moja ilinijia mwezi wa kumi na tatu, matanga yameisha, ugomvi wa ukoo umesuluhishwa, kila karatasi iko sawa. Muda ndio ulikuwa umepita. Niliwasikiliza mpaka mwisho kwa sababu sikujua ningewaambiaje.

Yale mafaili ya kabatini yalifunguka Aprili 2023, Jaji Mkuu alipotoa maelekezo kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ziendelee mahakamani hadi mwisho. La zamani kuliko yote kwangu ni la 2017, la mlinzi wa ghala aliyegongwa na lori likirudi nyuma. Lilisikizwa 2024. Mtoto aliyekuja ofisini amebebwa mgongoni sasa anakwenda shule mwenyewe. Shahidi wetu mkuu, turnboi (msaidizi wa dereva) wa lori lile, alikuwa ameshafariki kwa maradhi. Lakini taarifa yake ilikuwepo, kurasa mbili kwa mwandiko wangu, na sahihi yake chini na tarehe ya siku ya nne baada ya ajali. Wakili wa upande wa pili alipinga. Hakimu aliipokea. Tulipata hukumu, nao wamekata rufaa.